Impreza Bila Stabilaiza ya Mbele

Subaru Impreza ilikuja gereji ikigonga. Kila tuta, kila rasta, mbele kushoto palitoa mlio kama wa kijiko ndani ya kikombe cha bati. Fundi akalala chini ya gari, akaishika linki ya stabilaiza, akaitikisa, ikacheza. Dawa aliyoandika ni ile inayoandikwa mara nyingi mitaani kwetu Dar es Salaam: "Toa stabilaiza yote, bosi. Gari litakuwa laini."

Mwenye gari alifurahi, maana naye alikuwa na lake. Alishasikia kwamba Subaru inayogoma kuingia kona hutibiwa kwa kulegeza mbele na kukaza nyuma. Nyuma tayari alikuwa amefunga stabilaiza ya milimita 22, na springi fupi zilizolishusha gari vidole viwili. Kuondoa ya mbele kwake kulikuwa kumalizia kazi.

Hakukosea yote. Stabilaiza ni springi, ingawa haifanani nayo: chuma kilichopinda kama herufi U, kimeshikwa na bushi mbili, ncha zake zimeungwa kwa linki kwenye mikono ya chini ya kushoto na kulia. Tairi mbili zikipanda tuta kwa pamoja, chuma huzunguka ndani ya bushi bila kupinga chochote. Gari likilala kwenye kona, ncha moja hupanda na nyingine hushuka; hapo chuma husokotwa, nacho hugoma. Ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha unene, hivyo kutoka milimita 20 kwenda 22 ni ongezeko la karibu asilimia 46. Ndiyo sababu dereva huihisi tofauti ya milimita mbili akiwa amekaa kitini.

Wengi hukwama kwenye suala la uzito. Tuseme gari lina kilo 1,350, kitovu cha uzito kiko sentimita 55 juu ya lami, na kati ya tairi ya kushoto na ya kulia kuna sentimita 148. Kona ikilisukuma pembeni kwa nguvu sawa na asilimia 70 ya uzito wake, kilo 350 hivi huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Ukitoa stabilaiza, zinabaki karibu kilo zile zile. Kinachobadilika ni nani anazibeba: upande wa gari ulio mgumu zaidi, mbele au nyuma, ndio huchukua fungu kubwa. Na tairi ina choyo. Ukiiongezea mzigo mara mbili, haikupi mshiko mara mbili. Kwa hiyo ukilegeza mbele, tairi za mbele hupumua na za nyuma huelemewa. Kwa hesabu hiyo, pua inapaswa kuingia kona vizuri zaidi.

Tulikwenda kuhakikisha kwenye uwanja mtupu wa lami, na chaki mfukoni. Nilichora mistari kutoka kwenye kashata za tairi za mbele hadi ubavuni, tukazunguka duara lile lile, kwanza na stabilaiza, kisha bila. Ikiwa imefungwa, chaki ilifutika hadi ukingoni tu. Ilipotolewa, ilifutika hadi chini ya ile pembetatu ndogo ya ubavuni. Tairi ya nje ilikuwa ikitembelea bega. Sababu ni muundo wa mbele wa Impreza, shokapu iliyosimama juu ya mkono mmoja wa chini: gari likilala, tairi ya nje hulala nalo kuelekea nje ya kona. Lililoshushwa huumia zaidi, kwa kuwa mikono yake ya chini imeshapoteza mteremko uliokuwa ukisaidia. Mshiko uliopatikana kwenye mgawanyo wa uzito ukaliwa na pembe mbaya ya tairi. Kasi ya kuzunguka duara haikubadilika kwa kiasi cha kujivunia.

Kilichonitisha ni kukwepa. Usukani kushoto, kisha kulia ghafla, kama mtu anayekimbia shimo na kukutana na bodaboda. Bodi ilichelewa kulala, ikachelewa kurudi, na iliporudi, mkia ukatangulia. Mguu ukitoka kwenye mafuta ndani ya kona, nyuma ilitoka mapema kuliko dereva alivyozoea. Hiyo ni lami kavu.

Wapo wanaofaidika. Marekani, magari ya mashindano ya kasi ya mstari mnyoofu yanayosukumwa na tairi za nyuma huondolewa stabilaiza ya mbele ili pua inyanyuke na uzito ukae nyuma. Pale hakuna kona. Jeep Wrangler Rubicon, tangu toleo la 2007, ina swichi ya kuiachanisha stabilaiza ya mbele kwenye miamba, na hujirudisha yenyewe gari likizidi takriban kilomita 30 kwa saa. Lakini usimwige jirani kabla ya kuchungulia chini ya gari lako. Kwenye Ford Escort ya kizazi cha pili, ndugu ya ile ya Björn Waldegård iliyoshinda Safari Rally mwaka 1977, stabilaiza ya gari la kawaida ndiyo pia inayozuia tairi isirudi nyuma. Ukiitoa, breki ya kwanza itakuonyesha.

Impreza ilirudishiwa stabilaiza ya mbele, na nyuma ikafungwa ya kiwandani. Tukaweka linki mpya mbili na bushi mpya. Mlio ukaisha, ulikuwa wa linki tangu mwanzo.