Fundi Anayeuliza Kwanza

Usukani ukitetemeka pale unapokanyaga breki, karibu kila mtu mtaani ana jibu tayari: diski zimepinda, kanunue nyingine. Jibu hilo limewapa riziki wauza spea wengi, na limewarudisha gereji wenye magari wengi kwa tatizo lilelile baada ya miezi michache. Sifa zangu nampa fundi wa aina nyingine, yule ambaye kabla hajagusa spana anasogea dirishani kwa dereva na kuuliza.

Gerezani, Dar es Salaam, nilimtazama mmoja wao akizungumza na mama aliyetoka Iringa.

"Shikamoo mama. Inatetemeka ukikanyaga breki tu, au hata ukiachia?"

"Marahaba mwanangu. Nikikanyaga tu."

"Unaisikia mikononi au mpaka kwenye kiti?"

"Mikononi."

"Na matairi ya mbele, mara ya mwisho yalifunguliwa lini?"

Mama akafikiri, akasema alipata pancha Mikumi, zamani kidogo, kabla ya mvua. Fundi akaitikia kwa kichwa na kwenda kuchukua jeki.

Mtetemo unaokuja hata breki zikiwa zimeachiwa humpeleka fundi kwenye balansi, tairi lililovimba au bushi zilizochoka. Ukija na breki peke yake na kupanda mikononi, mara nyingi chanzo ni diski za mbele, maana magurudumu ya mbele ndiyo yaliyoungana na usukani. Ya nyuma husikika zaidi kwenye kiti na kwenye pedali. Lakini swali la tatu, ambalo mafundi wengi hulipita, ndilo linalotenganisha fundi na mbadilisha vipuri.

Diski imebanwa kati ya habu na rimu, na kwenye magari mengi nati za tairi ndizo zinazoishikilia hasa. Sasa mfikirie fundi pancha wa barabarani: anachomeka bomba kwenye spana, anasimama juu yake, anamaliza nati moja kabisa kabla ya kugusa ya pili. Diski inakaa upande kidogo. Au inabaki chembe ya kutu kwenye uso wa habu, na kwa hewa yetu ya chumvi huku pwani kutu haikosekani. Kasoro ndogo iliyo karibu na kitovu hukua kadiri inavyoelekea ukingoni. Siku hiyo dereva hasikii kitu, na ndiyo sababu hakuna anayemlaumu fundi pancha. Ila diski inayoyumba huigusa pedi mara moja kila inapozunguka, hata mguu ukiwa mbali na breki, na pale panapoguswa panalika. Baada ya kilomita elfu kadhaa diski inakuwa na upande mnene na upande mwembamba. Unene ukipita kati ya pedi, breki inashika zaidi. Wembamba ukipita, inalegea. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la gari dogo huzunguka kama mara 14 kwa sekunde, na kila mshiko hupita kwenye tairodi mpaka viganjani mwa dereva.

Mteremko wa Kitonga, kwenye barabara hiyo ya Iringa, nao una mchango wake. Anayeushuka akiwa amekanyaga breki mfululizo, badala ya kuliacha gari lizuiwe na gia ndogo, huchemsha diski. Akisimama huku ameibana, pedi huweza kuacha utando wake palepale ilipobana.

Kinachotafutwa ni kidogo mno. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 inaweza kutosha kuutikisa usukani, na unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Fundi wetu alipima kwa maikromita sehemu nane kuzunguka diski, akaandika kila namba kwa chaki. Kisha akasimamisha geji yake kwenye mguu wa sumaku, ncha ikigusa chuma, akaizungusha diski kwa mkono polepole. Magari mengi huruhusu mchezo wa milimita 0.05 au chini ya hapo. Mshale wa geji ulipita hapo.

Diski bado zilikuwa nene kuliko kipimo cha mwisho kilichochapwa juu yake, hivyo zikapelekwa kukerezwa. Wakati zikisubiriwa, alisugua habu kwa brashi ya waya na msasa, akazunguka kila boliti, pale ambapo kutu hujificha na mkono wa haraka haufiki. Akapangusa kwa kitambaa, akapitisha kidole, akasugua tena. Pini za kalipa akazisafisha na kuzipaka grisi ya joto kali. Diski ziliporudi akazifunga na kupima upya. Moja mshale wake haukumridhisha, akaivua, akaisogeza tundu moja la boliti na kuirudisha. Safari hii mshale ulitikisika kidogo tu.

Kazi hii hailipwi inavyostahili, na inaniuma. Mteja akioneshwa boksi jipya la diski anajua pesa yake imekwenda wapi. Saa nzima ya kusugua habu haina boksi. Mama yule alitoa bila kupunguza, tena baada ya kuinama mwenyewe kuangalia namba za chaki.

Nati zilikazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya upande wa pili, kwa spana inayopima nguvu. Wakaenda barabarani, fundi akapandisha mwendo na kupunguza kwa breki bila kusimama kabisa, mara kadhaa, ili pedi na diski zizoeane, viganja vyake vikiwa vimeugusa usukani tu. Waliporudi alimkabidhi mama ufunguo na kumwomba apite tena baada ya kilomita 100, nati zipimwe upya.