Nani Alimwita Haramia?

Katika mafunzo yetu hapa Bariadi tumekuta madaftari ya wanachuo yakimwita Mir Ali Bey "haramia". Jina hilo alipewa na Wareno, aliowateka merikebu katika pwani yetu miaka ya 1580 chini ya bendera ya Uturuki, hadi walipomkamata Mombasa mwaka 1589. Wareno hao walioipora na kuichoma Mombasa mwaka 1505 wameandikwa "wavumbuzi"!

Hata hivyo, hatukubaliani na ndugu wanaomvika joho la mkombozi. Miji ilimkaribisha kwa kuchoshwa na kodi za Wareno. Yeye akarudi Mokha na nyara zake. Mwaka 1587 Wareno wakaja kulipiza kisasi, wakaiteketeza Faza. Watu wa Faza hawamo katika daftari hata moja.