Adabu ya Kungojea Gari la Moshi

Msomaji, reli ilifika Thika mwaka 1913. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuchukua mazao ya mashamba na kuyapeleka Nairobi, mwendo wa kilomita 40 hivi. Magunia ya kahawa hayasukumani wala hayatukanani, basi hapakuwa na haja ya kuyafundisha adabu. Siku hizi njia ile ile, ipitayo Ruiru, huchukua watu pia. Na watu, tofauti na magunia, wana haraka.

Hebu fikiri kuwa umesimama katika stesheni ya Ruiru siku ya mchezo mkubwa wa mpira mjini Nairobi, au siku ya sikukuu. Gari laja. Wanaoshuka hawajashuka, na wanaopanda wamekwisha ziba mlango. Mama mwenye mtoto mgongoni atupwa kando. Mzee mwenye mkongojo arudishwa nyuma mara tatu. Kijana mmoja apenya dirishani, na wenzake wamshangilia kama shujaa aliyetoka vitani. Mwingine aning'inia mlangoni kwa mkono mmoja. Mwizi wa mifukoni pekee ndiye aliyeridhika, maana msongamano ndio shamba lake.

Ukiwauliza wanaosukuma, watakujibu kwa maneno matatu: "Mwenye nguvu mpishe", "Nimelipa nauli kama wao", na "Kila mtu anasukuma." Yafaa tuyapime maneno haya moja moja.

Neno la kwanza lajivunia nguvu. Lakini nguvu ni nguo ya kuazima. Anayesukuma leo alibebwa mgongoni jana, na kesho atashika mkongojo. Neno la pili lina haki nusu. Nauli hununua safari. Hainunui mbavu za jirani. Neno la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Katika kundi lililobanana hapana mtu mmoja anayetia nguvu nyingi. Kila mmoja hutia kidogo, na vidogo hivyo vikikusanyika huwa mzigo usiochukulika. Aliye nyuma hudhani kuwa mbele pana nafasi. Aliye mbele hawezi kurudi wala kusikika. Watu wakizidi watano au sita katika mraba wa mita moja, miguu huanza kukosa hiari, na mwili huchukuliwa kama jani mtoni. Wengi wanaokufa katika misongamano kama hii hawafi kwa kukanyagwa, bali kwa kukosa pumzi, maana kifua hubanwa kisipate kupanuka.

Usidhani kuwa natia chumvi. Tarehe 3 Machi 1943 watu wa London walikuwa wakiingia katika stesheni ya Bethnal Green, iliyo chini ya ardhi, wajifiche na mabomu. Mmoja alijikwaa ngazini gizani, na waliokuwa nyuma wakaendelea kushuka. Watu 173 walikufa, 62 kati yao watoto. Wala hapana bomu lililoanguka pale. Tarehe 15 Februari 2025 mahujaji waliokuwa wakienda katika sherehe za Kumbh walisongamana katika stesheni ya New Delhi, nchini India, na watu 18 wakafa. Nasi hatuna la kujivunia. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards, watu saba walikufa katika msukumano wa kuingia uwanja wa Nyayo, Nairobi.

Walakini si haki kuwalaumu abiria peke yao. Wazee walisema, "Wengi wape, usipowapa watanyang'anya." Siku ya mchezo hujulikana kabla haijafika, na sikukuu hazianguki kutoka mbinguni. Msimamizi anayefungua mlango mmoja kwa watu elfu, asiyeongeza mabehewa, asiyepanga mistari, wala kutangaza kwa sauti inayosikika gari litafika lini, amewafundisha watu kunyang'anya. Asishangae wakihitimu.

Hata hivyo, kosa la msimamizi halifuti kosa langu wala lako. Mwezi wa Agosti 2025, baada ya watu kuingia kwa nguvu katika uwanja wa Kasarani, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilipunguza watazamaji wa mchezo wa Kenya uliofuata wawe 27,000 tu. Wavunjaji wa utaratibu waliwafungia mlango hata wale waliokuwa tayari kulipa na kungoja zamu. Hivyo ndivyo ilivyo: fujo ya wachache huwa adhabu ya wote.

Basi wewe, mwanafunzi, ufanye nini? Fika mapema. Simama mbali na ukingo wa reli. Waache wanaoshuka washuke kwanza, maana nafasi yako ndiyo hiyo wanayoiacha. Ukiona msukumano umeanza, usisukume hata kidogo. Wapigie kelele walio nyuma wasimame. Akianguka mtu, mwinue kabla hujatazama gari. Usimshangilie anayepita dirishani, kwa sababu shangwe zako ndizo mshahara wake. Na gari likijaa, liache liende. Gari lililokwenda laweza kufuatwa na jingine. Pumzi iliyokwenda haina ya pili.