Majina ya Ubongo: Atlasi, Vitabu vya Asili ya Mtu, na Msomaji wa Mnero

Vitabu vinavyoeleza ubongo wa mwanadamu ni vya namna mbili. Vya kwanza ni atlasi, ambazo huuchora ubongo kama ramani ichoravyo nchi: kila bonde na kila tuta hupewa mpaka na jina. Vya pili husimulia asili yake, jinsi ulivyokua kutoka mafuvu madogo ya zamani hata ukafikia ukubwa ulio nao leo. Namna zote mbili husifiwa au hulaumiwa kwa sababu ya picha na hesabu zake. Ni mara chache kuhukumiwa kwa lugha yake, ingawa kazi ya kwanza ya kitabu cha namna hii ni kutaja. Kisichotajwa ni vigumu kuonekana, hata kikichorwa kwa rangi saba.

Mahali pa kulipimia jambo hili si lazima pawe chuo kikuu. Mnero, katika sehemu za Nachingwea na Ruangwa, pana hospitali ya Jimbo Katoliki la Lindi. Wenyeji wengi wa nchi ile ni Wamwera. Mgonjwa huenda amezungumza Kimwera nyumbani. Wodini husemeshwa kwa Kiswahili. Na kitabu alichosomea tabibu wake kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho kimejaa majina ya Kilatini na Kigiriki. Maelezo ya ubongo hayana budi kuvuka vivuko hivyo vyote kabla ya kumfikia mwenye kichwa chenyewe. Swali la mhakiki ni hili: njiani hupotea nini, na je, ni lazima kipotee?

Mwenye kuyachungua majina ya atlasi ataona kwamba hayakuzaliwa yakiwa ya kitaalamu. Wapasuaji wa kale, kabla na baada ya Andreas Vesalius kutoa kitabu chake kikubwa cha mwili wa mwanadamu mwaka 1543, walitazama na kufananisha. Tabaka la juu la ubongo waliliita gome, kwa kuwa limeufunika kama gome lifunikavyo mti. Sehemu moja waliiita daraja. Kifundo kimoja cha ndani wakakiita lozi. Arantius wa Bologna, katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1587, aliikuta sehemu iliyopinda, akasita kati ya kuifananisha na farasi wa baharini na kuifananisha na kiwavi wa hariri. Farasi ndiye aliyeshinda. Maneno hayo yote yalikuwa ya sokoni na shambani. Yaandikwapo katika Kiswahili kuwa koteksi, amigdala na hipokampasi, mfano hufa, ikabaki sauti tu.

Njia hiyo ina watetezi, na hoja yao si dhaifu. Wasema kwamba daktari aliyefundishwa kwa Kiingereza hulitambua neno mara moja, na kwamba neno lisilo na maana nyingine halimpotezi mtu. Hoja hii yafaa kwa barua ya daktari kwenda kwa daktari mwenzake. Haifai kwa kitabu cha kufundishia, wala kwa maneno yasemwayo kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa maana hapo jina halitakiwi kutambulisha tu, bali kueleza.

Hata hivyo kuutafsiri mfano neno kwa neno hakutoshi. Farasi wa baharini si mnyama wa Nachingwea, iliyo mbali na pwani, na lozi si zao la huko. Mfano usiojulikana huwa fumbo juu ya fumbo. Zao la nchi ile ni korosho, nayo korosho imepinda. Mwalimu atakayesema kwamba ndani ya ubongo, kila upande, mna kiungo kilichopinda kama korosho, nacho husaidia kuweka kumbukumbu mpya, atakuwa amefanya kile kile alichofanya Arantius: ameazima kitu kilicho mikononi mwa watu ili kuonyesha kitu kilichofichwa na mfupa. Neno hipokampasi laweza kufuata baadaye, kwa ajili ya mtihani.

Atlasi zina kosa la pili, nalo ni zito kuliko la majina: humfanya mtu mmoja awe watu wote. Atlasi ya Talairach na Tournoux ya mwaka 1988, iliyotumiwa na wapasuaji na watafiti kwa miaka mingi kama kipimo cha kila ubongo, ilichorwa kutokana na ubongo wa mwanamke mmoja aliyefariki akiwa na umri wa miaka 60. Baadaye watafiti wa Montreal walitengeneza kiolezo kutokana na wastani wa picha za watu 152. Idadi iliongezeka, lakini wastani nao ni kichwa ambacho hapana mtu aliyepata kuwa nacho. Wahenga walikwisha kusema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kitabu kinachostahili kuaminiwa humwambia msomaji, tena katika ukurasa wa kwanza, kwamba ramani hii ni ya kichwa cha nani.

Katika vitabu vya asili ya ubongo, kosa huingia kwa mlango wa kitenzi. Waandishi wengi wa Kiswahili husema “mageuzi”. Neno hili latokana na kugeuza, na kugeuza kwataka mgeuzaji. Ndiyo maana lafaa sana katika siasa, ambako wapo watu wanaogeuza mambo kwa kusudi. “Mageuko” latokana na kugeuka, tendo ambalo halidai mtendaji wa nje. Nadharia yenyewe haimtaji mtu aliyeuchagua ubongo mkubwa. Yasema tu kwamba viumbe hutofautiana, na baadhi ya tofauti huacha wazao wengi kuliko nyingine. Basi silabi moja, zi mahali pa ko, yatosha kumfundisha mwanafunzi kinyume cha yale ambayo mwandishi alikusudia. “Maendeleo” ni baya zaidi, maana huwapanga viumbe katika mstari mmoja, wa nyuma na wa mbele, kana kwamba kila fuvu la kale lilikuwa njiani kuja kwetu.

Oldupai ni ushahidi kwamba mstari huo haupo. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu ambalo mumewe Louis aliliita Zinjanthropus boisei, kwa jina la kale la Waarabu kwa pwani ya Afrika Mashariki. Phillip Tobias alilieleza katika kitabu kizima mwaka 1967, akaukadiria ubongo wake kuwa sentimita za ujazo 530. Zinj alidhaniwa kwanza kuwa mtengeneza zana na babu wa mtu. Leo huhesabiwa kuwa wa tawi la kando. Mwaka 1964 Leakey, Tobias na Napier walitangaza Homo habilis. Ili aingie katika ukoo wa watu, walishusha kipimo cha ubongo hadi 600, ambapo Arthur Keith alikuwa ameweka mpaka wa 750. Mwaka 2015 vipande vya kichwa hicho hicho viliunganishwa upya kwa kompyuta, ikaonekana kwamba ujazo wake ulikuwa kati ya 729 na 824. Mifupa haikubadilika, kilichobadilika ni kitabu.

Tena yafaa kukumbuka kwamba ubongo wenyewe huoza. Kinachopimwa ni nafasi uliyoiacha, na nafasi hudanganya. Mkoa wa Lindi unao mfano wake. Katika Tendaguru, ambako Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, alipatikana Kentrosaurus, ambaye Edwin Hennig alimpa jina mwaka 1915. Uti wake wa mgongo una uwazi uliopanuka penye nyonga, na uwazi wa namna hiyo katika jamaa zake ulizaa hadithi ya ubongo wa pili. Hadithi hiyo imekwisha kukataliwa. Ndege nao wana uwazi kama huo, na si ubongo uliomo. Kwa hiyo Tobias aliposema kwamba alama za ndani ya fuvu la Homo habilis zaonyesha sehemu za usemi, mwanaisimu ana haki ya kusita. Nyumba yenye chumba cha wageni haithibitishi kwamba wageni walifika.

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Mtoto mwenye homa kali akishikwa na mtukutiko, watu husema ana degedege. Jina hili limejengwa juu ya ndege, na kwa imani ya wengi ugonjwa huletwa na ndege au pepo apitaye juu ya mtoto. Jina laweka ugonjwa angani, nje ya mwili. Kwa hiyo wako wazazi wanaoanzia kwa mganga, na saa zikapita. Malaria iliyoingia ubongoni yaweza kuua kwa muda mfupi. Lakini Kiswahili hicho hicho kina usemi mwingine, wa watu wa kawaida: malaria imepanda kichwani. Daraja limekwisha kujengwa na wasemaji wenyewe; waliosalia nyuma ni waandishi wa vitabu.

Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003 ilifungua njia. Ila kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, na alfabeti huyatenganisha yale yanayopakana ndani ya fuvu. Kinachokosekana ni atlasi ndogo ya Kiswahili, yenye kutaja kichwa ilichochorea, iandikayo mageuko badala ya mageuzi, na ambayo katika ukurasa wa ubongo wa mtoto itayaweka maneno degedege na malaria iliyopanda kichwani pamoja, kando ya picha moja, ili mama aonyeshwe kwa kidole kwamba ndege huyo hakai angani.