Ufundi wa Kujua Kunyamaza

Mzee mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu amesimama mbele ya sinki. Bomba kalifungua, mikono kailowanisha, kisha kakwama. Sabuni anaiona lakini hajui ya nini. Juu yake kuna kamera iliyounganishwa na kompyuta. Kompyuta haimharakishi, inasubiri. Akizidi kukwama, sauti inamkumbusha atumie sabuni. Asipoelewa, anaelezwa kwa kirefu zaidi. Lakini akiichukua sabuni mwenyewe, haambiwi neno.

Mfumo huo, COACH, ulibuniwa na Alex Mihailidis na wenzake mjini Toronto, Kanada. Kuifanya mashine iseme si kazi kubwa siku hizi. Kazi ni kuifanya itambue mtu yuko wapi, anafanya nini na amefikia hatua gani, ndipo iamue kusema au kunyamaza. Ikidakia mapema, inamnyang'anya mzee uwezo aliobaki nao. Ikichelewa, anakata tamaa na kuondoka. Ufundi ninaousifu umo katika nafasi hiyo finyu.

Wapo waliouingia ufundi huu kwa kulazimika. Reginald Golledge, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliyekuwa akichunguza jinsi watu wanavyozijua njia, alipofuka mwaka 1984. Akashirikiana na wanasaikolojia Jack Loomis na Roberta Klatzky kutengeneza kifaa cha kuwaongoza wasioona kwa GPS. Kifaa cha mwanzo kilikuwa mzigo wa kubeba mgongoni, ila wazo lake lilikuwa jepesi ajabu: jina la jengo lilisikika masikioni kana kwamba linatoka kwenye jengo lenyewe. Maktaba ikiwa kushoto, neno "maktaba" lilitokea kushoto. Mtu aligeuza kichwa tu, maelezo ya nini tena?

Ndani ya majengo GPS haitegemeki. Hapo ndipo alipoingia Chieko Asakawa, mtafiti wa IBM kutoka Japani, asiyeona tangu akiwa na miaka 14. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitengeneza NavCog: vifaa vidogo vya Bluetooth hutandazwa jengoni, na simu hupima nguvu ya mawimbi yake ili kukadiria mtu alipo. Baadaye likaja sanduku la safari lenye kamera na vihisi, linalomwongoza anayelishika. Uwanja wa ndege nani atamkodolea macho mtu mwenye sanduku?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyeona hutegemea masikio kusikia gari linalokuja, mwangwi wa ukuta, nyayo za mpita njia. Mashine yenye porojo humfunikiza yote hayo, na mbunifu anayeona anaweza kuitengeneza kwa nia njema kabisa.

Ufundi huu una hatari yake pia. Mashine haiwezi kujua hali yako bila kukuangalia, na jicho linalolinda laweza kuchungulia. Fundi mwadilifu hujiuliza ni machache kiasi gani yanatosha. Kumsaidia mtu anawe, inatosha kuifuata mikono. Sura yake na mazungumzo yake hayahusiki.

Kwa hiyo mtu akinisifia mashine kwa wingi wa mambo inayomfanyia mwenye ulemavu, humuuliza kwanza imemwachia afanye yapi mwenyewe.