Mjinga katika Tungo Zetu

Waingereza wana mzaha wao wa kumpima mtu akili. Husema karata zake hazikutimia, au taa zawaka lakini nyumbani hamna mtu. Ni mzaha wa hesabu: kitu kilipaswa kuwa kizima, kimepungua. Kiswahili kimewazidi kwa ufupi. Tumwitapo mtu “hamnazo”, akili zenyewe hatuzitaji kabisa. Tumeziachia silabi moja ya mwisho, msikilizaji ajaze mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia katika “hazimtoshi” na “zimemruka”. Kinachosemwa kuwa hakimo kichwani, hakimo hata katika neno. Kijembe kilichosukwa vizuri kuliko hicho ni nadra.

Lakini malenga wetu wa malumbano aghalabu hawatosheki nacho. Humimina yote katika ubeti mmoja, juha, zuzu, bwege, mbumbumbu, mjinga, kana kwamba ni maneno ya kujazia mizani tu. Hapo ndipo ninapowalaumu. Zuzu ni aliyezuzuka, aliyeduwazwa na kitu asichokizoea. Juha ametujia na hadithi za Waarabu, na humo si mara moja yeye ndiye achekaye mwisho. (Bwege namwachia mwenyewe.) Mjinga ana habari nyingine kabisa.

Kamusi za Kiswahili zilizotungwa karne ya 19 zinampa mjinga maana ya mgeni, mtu asiyeuzoea mji. Na ndilo jina alilopewa mtumwa aliyewasili karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Jina halikufungwa nalo.

Wengi wa walioitwa hivyo walitoka upande wa Ziwa Nyasa. Wengine waliletwa na misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika na kukata misitu ya miombo kuelekea Tabora. Katika nchi hiyo ya miombo ndiko iliko Kasekese, kata ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mkulima wa huko, umtiapo katika dau letu asijue bamvua wala maji mafu, tutamcheka mpaka jioni. Mpeleke nahodha wetu Kasekese, aulizwe ni mti upi hutoa gome la mzinga na upi hupendwa na nyuki, naye atageuka mjinga papo hapo, kwa maana ile ile ya kale.

Methali yalijua jambo hili kuliko washairi: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mjinga huyu hana kasoro ya kichwa. Angekuwa nayo, asingeerevuka. Ni mgeni asiyejua bado bei za mji, na mwerevu ni yule aliyekuwa akila kwa kutojua kwake. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo juu ya mjinga, ilhali mwenye mashaka ndani yake ni mwerevu, yaani sisi wenyeji.

Basi mtunzi anayemrushia neno hilo mpinzani aliyezaliwa Vuga akakulia Vuga, amekosea shabaha, na jiwe linaangukia mtu wa mbali asiyekuwamo katika ugomvi. Amwite mpumbavu, aliyeonyeshwa akakataa. Vina vya “-vu” si haba.