Ndege ya Jirani Nayo Isubiwe

Heko mafundi mnaosubu ndege ndogo za kivita! Zinki iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ukiishika ndege yenyewe, uzito wake unatulia kiganjani, na maungio ya bawa unayapapasa kwa ukucha.

Sasa tutengenezeeni ndege WB-57 ya NASA. Kwetu sisi wa Pearland, Texas, ni jirani, maana kituo chake ni uwanja wa ndege wa Ellington Field. Ilizaliwa ndege ya jeshi, chimbuko lake Canberra ya Uingereza. Leo hupandisha vyombo vya sayansi hadi futi 60,000. Moja ya ndege hizi, N927, ilikaa jangwani Arizona takriban miaka 40, ikarudi angani mwaka 2013. Arobaini, jamani! Kwa kipimo cha 1:72 mabawa yatapita nusu mita. Rafu nimeshaipima, inatosha.